Sheria inapikwa wapi? Kazi ya tume za Bunge la taifa, na namna mkaaji wa Maniema anaweza kuifuata

Mara nyingi katika habari zetu munasikia sentensi kama hii: “Bunge la taifa limepokea mradi wa sheria na kuutuma katika tume.” Kisha kunakuwa kimya. Wiki inapita, mwezi unapita, mara nyingine mwaka mzima. Siku moja munasikia tena kwamba sheria imepitishwa, ao Rais wa Jamhuri ameitia mkono. Wengi wanajiuliza: hapo katikati kulipita nini? Nani alibadilisha nini? Na sisi wa Kindu, Kasongo ao Punia tulikuwa wapi?

Makala hii inaeleza hiyo sehemu ya katikati, ni kusema kazi ya tume za Bunge, zile wengi wanaita komisioni. Ni kazi isiyo na kelele. Lakini ni ndani ya tume ndipo neno moja linaongezwa ao linaondolewa, na hilo neno moja linaweza kuwa pesa za sekta yako, shamba lako ao haki yako mbele ya korti.

Nani ana haki ya kuleta sheria?

Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006 inasema Bunge liko na vyumba viwili: Bunge la taifa lenye wabunge 500, na Seneti yenye maseneta 108 wa kuchaguliwa. Wabunge wa taifa tunawachagua sisi raia kwa miaka mitano. Maseneta wanachaguliwa na wabunge wa jimbo. Kila jimbo linatuma wanne, Maniema ni vilevile, na Kinshasa peke yake inatuma wanane. Vyumba vyote viwili vinakaa Kinshasa, ndani ya Palais du Peuple.

Kifungu cha 130 cha Katiba kinasema haki ya kuanzisha sheria ni ya serikali, ya kila mbunge na ya kila seneta. Ikitoka kwa serikali, kisha kupita katika baraza la mawaziri, inaitwa mradi wa sheria. Ikitoka kwa mbunge ao seneta, inaitwa pendekezo la sheria. Tofauti hii si ya majina tu. Pendekezo la mbunge sherti kwanza lipelekwe kwa serikali, ambayo iko na siku 15 za kutoa maoni yake. Siku hizo zikipita bila jibu, Bunge linaweza kuendelea na kazi.

Sheria ya bajeti iko na njia yake: inatoka kwa serikali tu, inaanza katika Bunge la taifa tu, na sherti ifike pale kabla tarehe 15 mwezi wa tisa haijapita.

Kabla ya kufika katika tume

Karatasi ikifika kwa biro ya Bunge, haiendi moja kwa moja katika tume. Inaingizwa kwanza katika kalenda ya kikao. Hapo mapendekezo mengi yanalala, sababu kalenda ni fupi: Bunge liko na vikao viwili vya kawaida kwa mwaka, tangu tarehe 15 mwezi wa tatu mpaka tarehe 15 mwezi wa sita, na tangu tarehe 15 mwezi wa tisa mpaka tarehe 15 mwezi wa kumi na mbili. Kikao cha pili kinaliwa sana na bajeti.

Ikiingia katika kalenda, aliyeileta, waziri ao mbunge, anasimama mbele ya mkutano mkuu kuieleza: juu ya nini sheria hii, inabadilisha nini, nani atafaidika. Wabunge wanauliza maswali ya jumla. Kisha wanaamua kama inapokelewa ao hapana. Ikipokelewa, ndipo inatumwa katika tume.

Tusikilize hapa vizuri, sababu ni hapa watu wengi wanapotea. “Kupokelewa” si “kupitishwa”. Bunge likipokea mradi, limesema tu kwamba jambo hili linastahili kuchunguzwa. Bado si sheria. Hakuna afisa anayeweza kukutoza pesa ao kukunyima haki kwa sababu ya mradi ambao ungali katika tume.

Mfano mmoja tunaujua wote. Mwezi wa saba 2021 mbunge Nsingi Pululu aliweka pendekezo la sheria, kufuata wazo la Noël Tshiani, la kuacha cheo cha Rais na vyeo vingine vikubwa kwa watu wenye baba na mama Wakongomani tu. Nchi nzima ilizungumza, na huku mashariki mazungumzo yalikuwa makali zaidi. Lakini uchaguzi wa tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 2023 ulifanyika bila pendekezo hilo kuwa sheria. Kuzungumzwa, hata nchi nzima, si kupitishwa.

Tume ni nini, na ziko zipi?

Tume ya kudumu ni kikundi cha wabunge waliopewa sehemu moja ya mambo ya nchi. Haiwezekani watu 500 wakae pamoja kupima kila kifungu, kila nukta. Kwa hiyo kazi inagawanywa. Kila tume iko na mwenyekiti, wasaidizi na mwandishi wa rapoti, na viti hivyo vinagawanywa kati ya vikundi vya kisiasa vilivyomo Bungeni.

Majina haya munayasikia mara nyingi redioni:

– PAJ, ni tume ya siasa, utawala na sheria. Mambo ya Katiba, uchaguzi, korti na utawala wa majimbo yanapita pale.

– ECOFIN, ni tume ya uchumi na pesa. Bajeti, kodi na deni la taifa ni kazi yake.

– Tume ya ulinzi na usalama, ambayo inafuata mambo ya jeshi na polisi.

– Tume ya mazingira na mali ya asili, ambayo inaangalia misitu na migodi.

– Tume ya mambo ya jamii na utamaduni, kwa mashule, afya na kazi.

Kuna tena zingine, kama ile ya haki za binadamu na ile ya mambo ya inje. Mradi ukigusa mambo mawili, kwa mfano migodi na kodi, unaweza kupewa tume mbili zinazokaa pamoja.

Ndani ya tume wanafanya nini?

Kazi ya kwanza ni kusoma. Wanapita kifungu kwa kifungu, wakilinganisha na Katiba na sheria zingine zilizopo.

Kazi ya pili ni kusikiliza. Tume inaweza kumwita waziri, wataalamu wa serikali, walimu wa chuo kikuu, wenye kampuni, na shirika la raia. Huu ndio mlango ambao raia anaweza kupitishia sauti yake bila kuwa mbunge.

Kazi ya tatu ni mabadiliko. Mbunge anaweza kupendekeza neno lingine, kifungu kingine, ao kufuta kimoja. Lakini kifungu cha 134 cha Katiba kinaweka mpaka: badiliko ambalo linapunguza mapato ya serikali ao linaongeza matumizi yake halipokelewi, isipokuwa mwenye kulileta aonyeshe pesa nyingine zitakazoziba pengo. Kwa hiyo mbunge akikuahidi “nitaongeza pesa za barabara yetu”, muulize swali dogo tu: atazitoa wapi?

Kazi ya nne ni rapoti. Tume haipitishi sheria. Inaandika mambo iliyoyaona, mabadiliko inayopendekeza, na inarudi mbele ya mkutano mkuu. Ni mkutano mkuu unaopiga kura. Bunge haliwezi kukaa kwa halali bila nusu ya memba wake na zaidi, ni kusema angalau 251 kwa wabunge 500.

Lakini ukiangalia namna mambo yanavyokwenda, kazi iliyofanywa katika tume inabeba uzito. Mbunge ambaye hakuketi katika tume anapata karatasi nyingi kwa muda mfupi, na mara nyingi anafuata rapoti. Mkutano mkuu ni wa wazi, kufuatana na Katiba, ila wakati wameamua kufunga milango. Kazi ya tume, yenyewe, inafanyika zaidi mbali na kamera. Ndiyo sababu hamuioni kwenye televisheni.

Seneti, kisha tume ya vyumba viwili

Bunge la taifa likimaliza, karatasi inavuka kwenda Seneti. Nao wako na tume zao, wanaanza kupima tena. Kifungu cha 135 kinaomba vyumba vyote viwili vipitishe maandishi ya namna moja, neno kwa neno. Wakipishana, biro zote mbili zinaunda tume ya pamoja yenye hesabu sawa ya wabunge na maseneta, ili itafute maandishi mamoja. Wakishindwa kupatana, Bunge la taifa ndilo linasema neno la mwisho.

Kwa sheria zile zinazoitwa za organiki, kwa mfano zile za korti ao za mamlaka kubwa za nchi, sherti kura ya nusu ya memba wote na zaidi katika kila chumba. Kisha Korti ya Katiba inazipima mbele ya Rais kutia mkono.

Mfano wa kwanza: pesa za migodi

Tuchukue sheria inayotugusa hapa Maniema, jimbo la kasiteriti ya Kalima na dhahabu ya Namoya. Kodi ya migodi ya mwaka 2002 ilikuwa sheria namba 007/2002 ya tarehe 11 mwezi wa saba. Kazi ya kuibadilisha ilichukua miaka. Mradi ulifika Bungeni mwaka 2015, ukasimama, ukarudi mwaka 2017. Bunge la taifa liliupitisha mwezi wa kumi na mbili 2017, Seneti mwezi wa kwanza 2018. Vyumba viwili havikuwa na maneno sawa, ikabidi tume ya pamoja kupatanisha. Mwezi wa tatu 2018, wakubwa wa kampuni za migodi, kati yao Glencore na Randgold, walifika Kinshasa kuonana na Rais Joseph Kabila wakitaka vifungu fulani viguswe tena. Tarehe 9 mwezi wa tatu 2018 Rais alitia mkono. Ni sheria namba 18/001.

Nini kilibadilika kwetu? Malipo ambayo kampuni yenye kibali cha kuchimba inatoa kwa madini iliyouza yalipanda: kwa dhahabu, kutoka 2,5% mpaka 3,5%. Na mgawo wake uliandikwa wazi. Katika kila franka 100 za malipo hayo, 50 ni za serikali kuu, 25 za jimbo, 15 za sekta, cheferi, komini ao mji fasi ambapo kuchimba kunafanyika, na 10 za mfuko wa vizazi vijavyo. Zamani pesa zilipita kwanza katika hazina ya taifa, halafu mukangoja zirudi. Sheria mpya inasema sehemu ya jimbo na ile ya sekta zilipwe moja kwa moja kwa konti zao. Tena kampuni sherti itenge angalau 0,3% ya mauzo yake kwa miradi ya maendeleo ya vijiji vinavyouzunguka mgodi.

Angalieni maneno “fasi ambapo kuchimba kunafanyika”. Ni maneno machache tu. Lakini mgodi ukiwa karibu na mpaka wa sekta mbili, ni hayo maneno yanayoamua nani anapata 15 na nani hapati kitu. Maneno ya namna hii yanapimwa katika tume. Kampuni kubwa zinalijua hilo, ndiyo maana zinalipa wanasheria wa kufuata kila karatasi. Mkulima wa Kabambare hana mwanasheria. Yeye ana mbunge, ana shirika la raia, na ana redio.

Mfano wa pili: sheria ya watu wa asili

Sheria ya kulinda haki za watu wa asili Wambilikimo inatuonyesha upande mwingine: uvumilivu. Mashirika ya watu wa asili yaliisukuma kwa miaka mingi. Bunge la taifa lilipitisha tarehe 7 mwezi wa ine 2021. Ikavuka Seneti, ikakaa zaidi ya mwaka. Maseneta walipitisha tarehe 10 mwezi wa sita 2022, na Rais Félix Tshisekedi akatia mkono tarehe 15 mwezi wa saba 2022. Ni sheria namba 22/030. Mwaka huohuo, tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili, ilitoka sheria namba 22/065 juu ya malipo kwa watu walioumizwa na ubakaji wa wakati wa vita na makosa mengine makubwa. Hiyo nayo inagusa jamaa nyingi za mashariki.

Somo ni hili: mradi ukikaa kimya, haujafa sherti. Mara nyingi unangoja mtu wa kuusukuma.

Kisha kura: mkono wa Rais, gazeti rasmi, na lugha yetu

Sheria ikipitishwa, katika siku sita inatumwa kwa Rais. Katika siku 15 anaweza kuomba Bunge litafakari tena sheria nzima ao vifungu fulani. Wakati huo ukipita, anapaswa kuitangaza, na asipofanya hivyo katika siku alizopewa, Katiba inasema inakuwa imetangazwa kwa nguvu ya sheria. Kisha inachapishwa katika gazeti rasmi. Inaanza kufanya kazi siku 30 nyuma ya kuchapishwa, isipokuwa yenyewe iseme tarehe nyingine.

Kifungu cha 142 kinaongeza kitu ambacho wengi wetu hatujui: serikali inapaswa kueneza kila sheria katika Kifaransa na katika kila moja ya lugha nne za taifa, Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba, kwa muda wa siku 60 tangu kutangazwa. Basi kusoma sheria katika Kiswahili si zawadi. Ni haki iliyoandikwa.

Ni jambo kubwa. Tarehe 15 mwezi wa saba 2016 sheria namba 16/008 ilibadilisha kodi ya jamaa ya mwaka 1987. Mwanamke aliyeolewa haombi tena ruhusa ya bwana yake ili afanye matendo ya kisheria, sasa ni mapatano kati ya wawili. Mama ambaye hakuelezwa hayo katika lugha yake anaweza kuendelea kutafuta barua ambayo sheria haiombi tena.

Bajeti: mwezi wa tisa ni wakati wa kufungua masikio

Katika kikao cha mwezi wa tisa, kazi kubwa iko kwa ECOFIN. Kifungu cha 175 cha Katiba kinasema majimbo yapate 40% ya mapato ya taifa, na yazuiwe palepale yanapopatikana. Mabishano juu ya pesa hizo kati ya Kinshasa na majimbo ni ya miaka mingi. Ukitaka kujua barabara ya Kindu mpaka Kasongo imeandikwa ao haikuandikwa, usingoje hotuba za mwezi wa kwanza. Uliza mwezi wa kumi na wa kumi na moja, wakati tume ingali na karatasi mezani.

Tusichanganye na Bunge la jimbo

Hapa Kindu tuko na Bunge la jimbo. Hilo linatunga amri za jimbo, zinazoitwa edi, kwa mambo ambayo Katiba imeachia jimbo. Nalo liko na tume zake. Malalamiko juu ya takse ya jimbo kwa pikipiki ao kwa soko, peleka kwa mbunge wa jimbo. Kodi ya migodi, jeshi, uraia na uchaguzi, peleka kwa mbunge wa taifa ao seneta. Ukigonga mlango usio wake, utapoteza wakati.

Mkaaji wa Maniema afanye nini?

Kutoka hapa mpaka Kinshasa ni mbali, na tiketi ya ndege si ya kila mtu. Lakini kuna mambo yanayowezekana.

Moja: fuata kalenda. Kila mwanzo wa kikao, mwezi wa tatu na mwezi wa tisa, Bunge linapanga miradi itakayozungumzwa. Sikiliza majina ya miradi, na uulize imetumwa katika tume gani.

Mbili: tumia likizo ya wabunge. Kati ya mwezi wa sita na wa tisa, na kati ya mwezi wa kumi na mbili na wa tatu, wabunge hawana kikao cha kawaida, ni wakati wa kurudi kwa waliowachagua. Usimuulize tu atakuletea nini. Muulize: uko katika tume gani? Ulipendekeza mabadiliko gani? Ulipiga kura namna gani?

Tatu: andika. Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani haki ya kutuma ombi kwa mamlaka ya serikali, peke yake ao pamoja na wengine, na mamlaka sherti ijibu kwa muda wa miezi mitatu. Barua nzuri inataja kifungu, inasema neno gani linaumiza, na inapendekeza neno lingine. Barua ya kulalamika tu inasomwa na kuwekwa. Barua yenye pendekezo, mbunge anaweza kuingia nayo katika tume.

Ine: fika mapema. Ukiandika kisha Rais ametia mkono, umechelewa, itabidi kungoja sheria ibadilishwe. Ukiandika wakati tume ingali inakaa, bado kuna mlango.

Tukumbuke tena kwamba, kufuatana na Katiba, mbunge wa taifa anawakilisha nchi nzima, na hakuna anayeweza kumlazimisha kwa amri. Hatuwezi kumfunga kamba. Lakini tunaweza kumuuliza, kumkumbusha, na baada ya miaka mitano, kumuhesabia.

Siku nyingine mukisikia katika habari zetu kwamba mradi “umetumwa katika tume”, musizime redio. Ni wakati huo mambo yanaanza.